Kuiva Pasipo Moto: Maelezo Kuhusu Njia za Kuyafanya Maziwa Yawe Salama bila Kuyachemsha

Utangulizi

Kiswahili kina tabia moja ambayo yafaa itangulie maelezo haya. Kitu ambacho hakijakomaa mtini na kitu ambacho hakijapikwa motoni vyote viwili tunaviita vibichi, na vinyume vyake vyote viwili tunaviita vibivu. Embe huiva lenyewe, nyama huiva kwa moto, na lugha haikuona haja ya kutenga maneno mawili. Maziwa nayo yameingia katika utaratibu huo. Yanapotoka kiweleni ni maziwa mabichi. Na kamusi za zamani zinatuonyesha kwamba yale yaliyoachwa yakaganda yaliitwa maziwa mabivu, ingawa hayakuwahi kuonja moto. Kwa hiyo fikira kwamba maziwa yanaweza kutoka katika ubichi bila kuchemshwa si ngeni kwa wasemaji wa lugha hii.

Fikira hiyo leo imerudi kwa sura nyingine. Katika maabara na viwanda vya nchi kadhaa wataalamu wanajaribu kuyaondolea maziwa vijidudu vya maradhi kwa shinikizo, kwa umeme, kwa mwanga na kwa chujio, pasipo kutegemea joto. Habari za njia hizo zinapofika kwetu hufika nusunusu, na aghalabu huchanganywa na habari za njia za jadi kama kibuyu na moshi, kana kwamba zote hufanya kazi moja. Makala haya yanakusudia kueleza kila njia hufanya nini hasa, na mipaka yake ni ipi. Aidha, tutajaribu kuonyesha kwamba machafuko mengi juu ya jambo hili ni machafuko ya maneno, na kwamba mwanafunzi wa lugha ana sehemu yake katika kuyatatua.

Moto hufanya nini?

Maziwa yaliyomo katika kiwele cha ng'ombe mwenye afya huwa na vijidudu vichache mno. Hatari huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni mnyama mwenyewe anapokuwa mgonjwa. Kifua kikuu cha ng'ombe, homa ya Q, na ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao ukimpata binadamu huitwa homa ya Malta, ni maradhi yanayoweza kupita katika maziwa na kumfikia mnywaji. Mlango wa pili ni wa nje: samadi, mikono ya mkamaji, maji ya kuoshea, nzi, na chombo kisichokauka vyema.

Kisa cha homa ya Malta kinafundisha jambo ambalo tutalirejea mara kwa mara. Mnamo mwaka 1887, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aligundua kijidudu cha homa hiyo katika wengu wa askari waliokuwa wamekufa katika kisiwa cha Malta. Chanzo chake kilibaki fumbo hadi mwaka 1905, Themistocles Zammit alipotambua kwamba mbuzi wa kisiwa hicho, ambao kwa macho walikuwa wazima, walikuwa wamekibeba. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua ghafula miongoni mwao. Yafaa izingatiwe kwamba maziwa yale hayakuwa yamechacha. Yalikuwa meupe, matamu na yenye harufu nzuri. Ulimi na pua havikuweza kuonya.

Joto ndilo lililoleta kinga ya kutegemewa. Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba mvinyo ukipashwa moto kwa kiasi hauharibiki, na baadaye utaratibu huo ukatumiwa kwa maziwa na kupewa jina lake, yaani upasturishaji. Maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 63 za sentigredi kwa muda wa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa mara moja. Joto hilo huziharibu protini na tando zinazokipa kijidudu uhai wake. Nyumbani tunakwenda mbali zaidi kwa kuyachemsha hadi yafure. Katika Kenya, ambako sehemu kubwa ya maziwa huuzwa mabichi na wachuuzi, desturi ya kupika chai kwa kuyachemsha maziwa pamoja na majani imekuwa kinga kubwa ya afya, ingawa wengi wanaoifuata hawaifikirii hivyo.

Mbona basi itafutwe njia nyingine? Ziko sababu za kweli, na ziko za kutiwa chumvi. Si kweli kwamba upasturishaji huyaua maziwa na kuyaacha maji matupu. Protini kwa jumla na chokaa ya mifupa hubaki, na upungufu wa vitamini ni mdogo. Lakini ni kweli kwamba joto hubadili ladha, hudhoofisha baadhi ya protini za kinga, na hudai kuni, mkaa, gesi au umeme ambao si kila mahali hupatikana. Suala la protini za kinga lina uzito wa pekee katika maziwa ya mama. Mwaka 2019 hospitali ya uzazi ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya. Katika benki za namna hiyo kanuni ya kawaida ni kuyapasha moto maziwa hadi nyuzi 62.5 kwa dakika 30, na joto hilo hupunguza sehemu ya kinga ambayo mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaihitaji mno. Anayetafuta njia isiyo ya joto kwa ajili ya mtoto huyo hatafuti anasa.

Kazi tatu zisizofaa kuchanganywa

Kabla ya kuzieleza njia zenyewe, inatubidi tutenge kazi tatu ambazo katika mazungumzo ya kila siku hubebwa na neno moja la kuhifadhi.

Kazi ya kwanza ni kukawiza. Njia ya kukawiza huzuia vijidudu visizaliane upesi, ili maziwa yachelewe kuchacha. Baridi ni mfano ulio dhahiri. Maziwa yaliyowekwa katika nyuzi 4 hukaa siku kadhaa, lakini vijidudu vya maradhi vilivyomo haviondoki. Na mmoja wao, bakteria aitwaye Listeria, huendelea kuongezeka katika baridi hiyo hiyo.

Kazi ya pili ni kupunguza, yaani kuondoa au kuua sehemu ya vijidudu. Kazi ya tatu ni kuangamiza, yaani kuvipunguza vijidudu vya maradhi kwa kiwango kikubwa hata hatari iliyobaki iwe ndogo mno. Tofauti ya hizi mbili ni ya hesabu, na hesabu hii yafaa ifahamike. Tuseme mililita moja ya maziwa ina vijidudu 1,000,000. Njia inayosifiwa kwamba huua 99 katika kila 100 itaacha 10,000. Vikiwa vinaongezeka maradufu kila nusu saa katika maziwa yenye joto, baada ya saa 5 vitakuwa vimepita 10,000,000, yaani vingi kuliko vilivyokuwapo mwanzo. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za Codex Alimentarius zinataka upasturishaji upunguze kijidudu cha homa ya Q kwa kiwango kisichopungua mara 100,000: katika kila 100,000 asibaki zaidi ya mmoja.

Njia yoyote isiyotumia moto inapasa kuulizwa swali hili: katika kazi hizi tatu, wewe unafanya ipi?

Njia za jadi: kibuyu, mkaa na moshi

Jamii nyingi za Afrika ya Mashariki zilijua kuyatunza maziwa muda mrefu kabla ya kuwapo mashine. Wakalenjin wana mursik, Wamaasai wana kule naoto, Abagusii wana amabere amaruranu, na Wasomali hugandisha maziwa ya ngamia yakawa suusac. Katika mursik kibuyu husafishwa, kisha ndani yake husuguliwa mkaa wa mti maalumu, ndipo maziwa yatiwe na kuachwa kwa siku kadhaa. Wafugaji wengine hukifukiza chombo kwa moshi wa kuni za mzeituni mwitu.

Sayansi ya vibuyu hivyo inaeleweka vizuri. Moshi na mkaa wa moto hukausha kuta za chombo na kuua sehemu ya vijidudu vilivyojificha katika vinyweleo vyake, na moshi huacha kemikali zinazozuia ukungu na bakteria. Hata hivyo wale bakteria wa uchachushaji waliozoea kibuyu husalia, na maziwa yanapotiwa huigeuza sukari yake kuwa asidi. Kipimo cha asidi, ambacho kwa maziwa mabichi ni karibu 6.7, hushuka hadi karibu 4. Katika hali hiyo vijidudu vingi vya kuhara na vya kuozesha hushindwa kustawi. Maziwa yaliyoganda vizuri kwa hiyo huhimili siku nyingi ambazo maziwa mabichi yasingezihimili.

Lakini asidi haimwangamizi kila adui. Bakteria wa homa ya Malta na wa kifua kikuu cha ng'ombe wanaweza kubaki hai katika maziwa yaliyoganda kwa siku kadhaa au zaidi, kwa kadiri ya ukali wa asidi na joto la mahali. Zipo pia aina za bakteria wa kuhara wanaovumilia asidi. Kwa hiyo kibuyu peke yake hukawiza na hupunguza, wala hakitimizi kazi ya tatu. Hekima ya kaya nyingi za siku hizi ni kuyachemsha maziwa kwanza, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kibuyuni. Hapo moto hufanya kazi yake na kibuyu hufanya yake, na mila haipotezi kitu. Maziwa lala ya viwandani, ambayo sokoni jina lake limekatwa likawa mala, hutengenezwa kwa utaratibu huo huo: hupashwa moto, kisha hutiwa chachu safi.

Kinga iliyomo ndani ya maziwa yenyewe

Maziwa mabichi yana silaha yake ya asili. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho laktoperoksidesi. Kimeng'enya hiki kikipata vitu viwili, yaani thiosianati na kiasi kidogo cha haidrojeni peroksaidi, huunda kemikali inayovuruga upumuaji wa bakteria na kuwazuia kukua. Vitu hivyo viwili huwamo katika maziwa kwa uchache, na nguvu ya asili hiyo huisha muda mfupi baada ya kukama.

Wataalamu waliona kwamba nguvu hiyo yaweza kuamshwa upya. Utaratibu uliokubaliwa na Codex mwaka 1991 ni kutia katika kila lita miligramu 14 za thiosianati ya sodiamu, kukoroga, kisha kutia miligramu 30 za pakaboneti ya sodiamu inayotoa haidrojeni peroksaidi. Hayo hufanywa katika saa 2 au 3 za mwanzo baada ya kukama. Matokeo yake hutegemea joto la mazingira: katika nyuzi 30 maziwa hucheleweshwa kuharibika kwa saa 7 hadi 8, katika nyuzi 25 kwa saa 11 hadi 12, katika nyuzi 20 kwa saa 16 hadi 17, na katika nyuzi 15 kwa saa 24 hadi 26.

Mfugaji aliye mbali na kiwanda, asiye na umeme wala barabara nzuri, ataona mara moja faida ya saa hizo. Hata hivyo kanuni hiyo yenyewe inasisitiza kwamba njia hii itumike pale tu ambapo kupoza maziwa hakuwezekani, na kwamba haichukui nafasi ya upasturishaji. Hii ni kazi ya kukawiza iliyo wazi kabisa. Tena ina hatari yake ya kificho. Uchachu wa maziwa ni mlinzi. Humwambia mnunuzi kwamba maziwa haya yamekaa au yamechafuka. Njia inayomnyamazisha mlinzi huyu bila kuwaondoa maadui yaweza kumfikishia mtu maziwa matamu yenye maradhi. Baya zaidi ni tendo la mchuuzi anayemimina peroksaidi au dawa nyingine kwa kukisia, pasipo kipimo wala usimamizi. Huyo hatumii njia tunayoieleza hapa. Anaharibu chakula cha watu.

Shinikizo

Mwaka 1899 Bert Hite, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha West Virginia nchini Marekani, alichapisha majaribio ya kuyakandamiza maziwa kwa shinikizo kubwa mno, na akaonyesha kwamba yalichelewa kuchacha kwa siku kadhaa. Mitambo ya wakati wake haikuweza kuitumikia biashara. Karibu miaka 90 ilipita kabla ya njia hiyo kuingia sokoni, ilipotumiwa nchini Japani kwa jemu za matunda mwaka 1990.

Katika viwanda vya leo chupa za plastiki zilizokwisha kujazwa na kufungwa huwekwa ndani ya silinda nene ya chuma, silinda ikajazwa maji, na maji yakasukumwa hadi shinikizo la megapaskali 400 hadi 600 kwa dakika chache. Ili kuukisia uzito huo, msomaji akumbuke kwamba katika shimo refu kuliko yote ya Bahari ya Pasifiki, karibu kilomita 11 chini, shinikizo ni kama megapaskali 110. Chupa haivunjiki kwa sababu inasukumwa pande zote kwa usawa. Kijidudu nacho husukumwa vivyo hivyo, lakini utando wake hupoteza mpangilio na protini zake hukunjuka, naye hufa. Vitamini, ambazo umbo lake ni dogo na viungo vyake ni imara, haziguswi sana.

Kazi hii yaweza kufikia daraja ya kuangamiza, ikiwa shinikizo na muda vimepimwa kwa ajili ya maziwa na kwa ajili ya vijidudu vinavyohofiwa. Mwaka 2016 katika jimbo la New South Wales, Australia, kampuni ya Made By Cow iliruhusiwa kuuza maziwa yaliyotengenezwa kwa njia hiyo badala ya kupasturishwa. Lakini mipaka ipo. Spora, yaani zile mbegu ngumu ambazo baadhi ya bakteria hujifunika ndani yake, hazifi kwa shinikizo peke yake. Kwa hiyo maziwa hayo yapaswa kukaa baridini. Mitambo ni ghali, na maziwa hutiwa kwa mafungu badala ya kupita mfululizo. Wala njia yenyewe haina joto kabisa, maana maji yanayokandamizwa hupanda karibu nyuzi 3 kwa kila megapaskali 100.

Umeme na mwanga

Njia ya umeme hupitisha maziwa kati ya vyuma viwili na kuyapiga kwa mapigo mafupi mno ya umeme, kila pigo likidumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Nguvu yake hufika volti 20,000 hadi 40,000 kwa kila sentimita. Wanasayansi Sale na Hamilton walionyesha mwaka 1967 kwamba bakteria hawaungui kwa joto la umeme huo. Utando wao ndio unaotobolewa, na chembe iliyotobolewa huvuja uhai wake. Njia hii imefaa zaidi katika maji ya matunda. Katika maziwa inakabiliwa na mafuta, protini na chumvi zinazopitisha umeme, na mara nyingi inabidi maziwa yapashwe moto kidogo kwanza ili mapigo yafanye kazi vizuri. Spora hustahimili.

Mwanga wa urujuanimno, hasa wenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 254, huharibu maandishi ya urithi ndani ya kijidudu, kikashindwa kuzaana. Katika maji safi unafanya kazi kubwa. Katika maziwa hukutana na kizuizi kilicho dhahiri kwa kila mtu: maziwa ni meupe na mazito, na mwanga haupenyi. Yabidi yapitishwe kama utando mwembamba, au yazungushwe kwa kasi ili kila tone lifike mbele ya taa. Ukizidi, mwanga huleta harufu mbaya kwa kuharibu mafuta. Umoja wa Ulaya uliruhusu maziwa yaliyopigwa mwanga huo mwaka 2016, lakini ruhusa ilihusu maziwa yaliyokwisha kupasturishwa, na faida iliyotajwa ni kuongezeka kwa vitamini D. Mtu akisoma kwa haraka kwamba Ulaya imekubali maziwa ya mwanga, anaweza kudhani moto umeachwa, ilhali haukuachwa.

Mawimbi ya sauti isiyosikika na miali ya nyuklia pia yamejaribiwa. Sauti ni dhaifu ikiwa peke yake, nayo miali huyapa maziwa ladha isiyopendeza. Hatuna haja ya kukaa hapo.

Chujio

Njia ya chujio haiui chochote, huondoa. Maziwa husukumwa kupitia utando wa kauri wenye vitundu vya maikromita 1.4, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Bakteria wengi hushindwa kupita. Lakini matone ya mafuta ya maziwa ni makubwa kama bakteria au kuwazidi, kwa hiyo malai hutengwa kwanza, hupashwa moto peke yake, kisha hurudishwa. Uzuri wa njia hii ni kwamba hunasa hata spora ambazo upasturishaji huziacha.

Hapa umbo la adui lina maana. Bakteria wa homa ya Malta ni mdogo, aghalabu chini ya maikromita 1.5 kwa urefu na nusu ya hapo kwa upana. Wa homa ya Q ni mdogo zaidi. Chujio linaloondoa zaidi ya 99 katika 100 ya bakteria kwa jumla haliwezi kuaminiwa peke yake dhidi ya wale wadogo ambao ndio tunaowahofia. Ndiyo sababu viwanda vingi huchuja na kupasturisha pia. Katika hesabu yetu ya kazi tatu, chujio ni mpunguzaji hodari.

Tatizo la ushahidi

Liko jambo ambalo husahauliwa katika sifa za njia mpya. Moto huacha shahidi. Katika maziwa mabichi mna kimeng'enya cha fosfatesi ambacho hufa kwa joto lililozidi kidogo tu lile linaloua bakteria wa kifua kikuu. Mkaguzi akikipima na kukikosa, anajua kwamba joto lilitosha. Akikikuta, anajua kwamba halikutosha au kwamba maziwa mabichi yamechanganywa. Kipimo ni rahisi na matokeo hupatikana upesi.

Shinikizo, umeme na mwanga havikiondoi kimeng'enya hicho kwa uwiano huo huo. Maziwa yaliyokuwa salama yanaweza kuonekana kana kwamba hayakuguswa, na shahidi wa zamani hatoi tena ushahidi wa kutegemewa. Anayetumia njia hizo hana budi kupima shinikizo, muda na mwendo wa mtambo wakati wote, na kuandika. Kwa mwenye mtambo mmoja chini ya mkaguzi hilo linawezekana. Kwa maelfu ya wachuuzi wenye mitungi halijawezekana.

Tena ipo sumu ambayo hakuna hata njia moja kati ya hizi inayoiweza. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus akipata muda katika maziwa ya vuguvugu hutoa sumu isiyoharibika hata kwa kuchemsha kwa kawaida. Sumukuvu inayotokana na chakula cha mifugo kilichoota ukungu nayo huingia katika maziwa na kubaki humo. Kwa hiyo kukama kwa mikono safi, kuosha kiwele, kupoza mapema na kukausha chakula cha ng'ombe ni msingi ambao moto na mitambo hujengwa juu yake.

Suala la maneno

Turudi sasa kwenye lugha. Neno linalotumika mno katika biashara ya maziwa ni safi. Maziwa safi yaweza kuwa maziwa yasiyo na takataka, maziwa yasiyotiwa maji, maziwa yaliyokamwa asubuhi hii, au maziwa yasiyo na maradhi. Muuzaji anasema moja, mnunuzi anasikia jingine, na hakuna aliyesema uwongo. Mbuzi wa Malta walitoa maziwa yaliyokuwa safi kwa maana tatu za kwanza.

Neno kuhifadhi nalo lina ukungu wa namna hiyo. Likitumiwa kwa jokofu, kwa kibuyu, kwa laktoperoksidesi na kwa shinikizo pasipo kubagua, linamfanya msikiaji aamini kwamba kilichohifadhiwa kimesalimika. Tunapendekeza waandishi wa vitabu vya shule, vijikaratasi vya afya na matangazo ya redio watumie kukawiza, kupunguza na kuangamiza kila kimoja mahali pake, na waliweke neno salama kwa ajili ya maziwa yaliyopita kazi ya tatu tu. Maneno yote hayo tunayo tayari, na bibi anayenunua nusu lita mlangoni anayaelewa bila kufundishwa.

Vivyo hivyo tahadhari inahitajika tunapolitumia neno -bivu. Tulianza kwa kulisifu kwa kuwa linabeba uivaji wa mtini na wa motoni kwa pamoja. Katika jambo la maziwa upana huo ni mtego: maziwa yaliyoganda yameiva kwa ulimi, na yanaweza kuwa bado mabichi kwa daktari.

Hitimisho

Tumeona kwamba njia zisizotumia moto ni nyingi na zinatofautiana sana. Baridi na kinga ya laktoperoksidesi hukawiza. Kibuyu hukawiza na kupunguza. Chujio hupunguza kwa wingi, nao mwanga na umeme hupunguza kwa viwango vinavyotegemea mtambo na namna ya kuutumia. Shinikizo kubwa, likisimamiwa vizuri, limeweza kuangamiza, lakini kwa gharama na kwa uangalizi ambao kaya na mchuuzi hawana. Huenda faida yake kubwa kwetu ikaonekana kwanza pale ambapo kiasi cha maziwa ni kidogo na thamani ya kinga ni kubwa, kama katika maziwa ya mama kwa ajili ya watoto wachanga.

Kwa sasa, nyumbani, sufuria iliyochemka haijapata mrithi. Anayependa mursik au mala achemshe kwanza, kisha agandishe. Na sisi tunaoshughulika na lugha tutakuwa tumetoa mchango wetu tukihakikisha kwamba mtu akiambiwa maziwa haya ni salama, anajua ameambiwa nini.